Tulikaa Juu ya Shasta Tukiisubiri Theluji

Chupa ya chai ya shemeji yangu ilimponyoka saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, juu kidogo ya miamba ya Red Banks, kwenye mita 3,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Alikuwa ameisimamisha kwenye theluji ili avae glavu. Ikalala ubavu, ikajizungusha mara moja, ikaanza kwenda. Mwanzoni ilikwenda polepole, nikadhani ataidaka. Kisha ikaingia kwenye mfereji kati ya miamba miwili, na tangu hapo hatukuiona tena. Tuliisikia tu, ting, ting, ting, kama chuma kinachogonga chuma, mlio ukienda mbali na kwenda mbali bila kukoma.

Tulikuwa tumeshavaa skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Mbele yetu ulikuwepo mteremko wa mita 700 na ushei wa Avalanche Gulch, bonde ambalo jina lake lenyewe ni korongo la maporomoko. Shemeji hakusema neno. Alifungua skii zake moja moja, akazichomeka kwenye theluji kwa nguvu zake zote, akakaa juu ya mkoba.

"Haya, shemeji," akasema. "Tunasubiri."

Tulisubiri saa moja na robo. Watu wanaosikia kwamba tulipanda Shasta huniuliza habari za kilele, na kilele nitakieleza, lakini nimekaa kuandika kwa ajili ya ile saa moja na robo.

Mlima Shasta uko kaskazini mwa California, Marekani. Ni volkano ya mita 4,322 iliyosimama peke yake, kwa hiyo unaiona mbele ya gari muda mrefu kabla hujaikaribia. Mwaka jana tulipanda njia hii hii tukashindwa, na kosa lilikuwa langu. Tulilala hemani kwenye mita 3,180. Saa nane usiku nikatoa kichwa nje, sikuona nyota hata moja. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu na hewa ilikuwa ya uvuguvugu. Nikafurahi. Nikamwambia shemeji kwamba leo mambo rahisi, hakuna baridi.

Kufika saa moja asubuhi tulikuwa tunazama mpaka magotini. Saa tatu, vidonge vya theluji vilianza kujiviringisha vyenyewe kutoka juu, vikikua kila vinaposhuka, kama mikeka inayokunjwa na mtu usiyemwona. Kisha jiwe la ukubwa wa sufuria likang'oka Red Banks likapita upande wetu wa kushoto likivuma. Tukageuka pale pale. Kushuka ilikuwa kama kuteleza kwenye saruji iliyokorogwa. Skii ya kulia ilinasa, goti likazunguka, nikachechemea wiki sita. Goti lilipona. Kilichonikaa moyoni ni kwamba nilizitazama ishara zote nikazisoma kinyume, na nilikuwa nimemchukua ndugu ya mume wangu kwenda naye huko.

Basi mwaka mzima nilijifunza theluji ya majira ya machipuko. Mambo yenyewe yako hivi. Mchana jua huyeyusha theluji ya juu, maji yakapenya kati ya chembe. Usiku, kama anga halina mawingu, theluji hutoa joto lake moja kwa moja kwenda angani na kuganda ikawa ngumu, hata kama hewa unayovuta wewe haina baridi kali. Mawingu yakitanda, joto lile hurudishwa chini, na theluji hukesha ikiwa na maji ndani yake. Hilo ndilo lililotupata. Usiku wenye nyota unaokufanya utetemeke hemani ndio usiku unaotakiwa kuushukuru.

Kuyeyuka na kuganda kukirudiwa siku nyingi mfululizo, chembe zile hupoteza ncha zake, huwa za duara na kubwa, kama punje. Waamerika huiita theluji ya mahindi. Asubuhi punje zimeshikana kwa barafu na uso wa mlima ni mgumu kama sakafu. Jua likiupiga, sentimita mbili au tatu za juu huachana, na chini yake bado ni imara. Hapo ndipo skii hukata kama kisu kwenye siagi, na mtu wa kawaida kama mimi huteleza kama aliyezaliwa huko. Lakini hali hiyo haikai. Baada ya muda, pengine saa moja, pengine pungufu, maji hushuka zaidi, buti linazama hadi kwenye kifundo, na mteremko wote unaanza kuwa mzito na wa hatari. Ukiwahi, unakuta sakafu ya barafu. Ukichelewa, tope, na tope hilo linaweza kuporomoka nawe.

Mwaka huu tulikwenda mwanzoni mwa Mei. Tulifika Bunny Flat, mahali pa kuegesha magari kwenye mita 2,100 na kidogo, saa tano asubuhi. Pale unajaza mwenyewe kibali cha kuingia eneo la hifadhi, na anayepita futi 10,000, yaani mita 3,048, lazima awe na pasi ya kilele. Unachukua pia mfuko maalumu wa kuwekea kinyesi, kwa sababu kila kitu unachokitoa mwilini mlimani unashuka nacho. Naipenda sana sheria hiyo. Maelfu ya watu hupita kwenye korongo lile lile, na theluji ile ndiyo tunayoiyeyusha tupate maji ya kunywa.

Theluji ilianzia karibu na maegesho. Tulibandika ngozi chini ya skii. Tunaziita ngozi tu, ingawa siku hizi ni mkanda wa kitambaa wenye gundi upande mmoja na manyoya mafupi upande wa pili. Manyoya yamelala kuelekea nyuma, kwa hiyo skii inasonga mbele na haikubali kurudi. Kisigino kiko huru, unakwenda kwa kuburuta mguu, huunyanyui. Tukapita msituni hadi Horse Camp, kwenye mita 2,400, penye kibanda cha mawe cha Sierra Club, chama cha wapenda milima na mazingira, kilichojengwa mwaka 1923. Mlinzi wake wa kwanza, Mac Olberman, alitandika kwa mikono yake njia ya mawe makubwa kuelekea mlimani. Safari hii njia hiyo ilikuwa imefukiwa, lakini nilijua iko chini ya skii zangu, na nikamkumbuka.

Juu ya Horse Camp miti inakwisha. Kutoka hapo ni jua, jasho na kukata kona. Shemeji ni mrefu na ana mapafu ya farasi, alikuwa akinitangulia hatua mia, anasimama, ananingoja, halafu anaondoka mara tu ninapofika, kwa hiyo yeye anapumzika na mimi sipumziki. Mara ya tatu nikamwambia, "Shemeji, nikifika ngoja nivute pumzi tatu." Tangu hapo akawa anazihesabu kwa sauti.

Ziwa Helen, tunapopiga kambi, kwa macho si ziwa. Ni sehemu tambarare ya theluji kwenye mita 3,180, maji yamefukiwa chini. Tulichimba shimo la hema kwa makoleo, tukayeyusha theluji kwenye jiko la gesi kwa karibu saa mbili, tukapima vifaa vya kutafutana chini ya maporomoko, kila mmoja akimtafuta mwenzake, tukalala jua likiwa bado halijazama.

Saa nane usiku nikatoa kichwa nje.

Nyota zilikuwa nyingi hata zikaonekana kama zinasukumana. Nikagusa theluji karibu na mlango kwa ukucha, ukucha haukuingia. Maji niliyoyamwaga jioni yalikuwa kioo. Nikamtikisa shemeji kwa furaha hata akashtuka akidhani kuna ajali.

Saa tisa kamili tuliondoka, skii zimefungwa mgongoni, kramponi zenye meno ya chuma miguuni, shoka la barafu mkononi, kofia ngumu kichwani. Juu ya Ziwa Helen mteremko unasimama na ngozi hazifai tena. Unapanda kwa meno ya chuma. Kwa saa tatu ulimwengu wangu ulikuwa duara la mwanga wa tochi na sauti mbili, kramponi zikiuma na pumzi yangu. Sioni haya kusema kwamba naupenda ugumu ule. Kila hatua ilishika, hapakuwa na hatua iliyopotea, tofauti na mwaka jana tulipokuwa tukipanda hatua mbili na kurudi moja.

Karibu na saa kumi na mbili shemeji alisimama akanyoosha fimbo kuelekea magharibi. Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya mlima, upande tusiouona, na kivuli cha Shasta kilikuwa kimelala juu ya nchi nzima, pembetatu kamili, ncha yake ikifika upeo wa macho. Sisi tulikuwa ndani ya kivuli hicho, madoa mawili mahali fulani karibu na ubavu wake. Tulisimama mpaka vidole vikaanza kufa ganzi.

Korongo hili linatazama kusini-magharibi, na ndiyo maana jua hulifikia kwa kuchelewa. Kwa anayepanda ni baraka, theluji inakaa ngumu na mawe yanakaa yameshikwa na barafu. Kwa anayetaka kushuka kwa skii, maana yake ni subira. Nilikuwa nimeshaihesabu saa hiyo nikiwa nyumbani, na bado nilikuja kuhitaji chupa ya chai initetee.

Tulipita Red Banks kupitia ufa mmoja wa barafu kati ya miamba myekundu, tukatokea kwenye jua. Mbele yake ni Misery Hill, Kilima cha Mateso. Ukikitazama unaona mwisho wake ni kilele, unafika juu, unakuta uwanda mpana na kilele chenyewe bado kiko ng'ambo. Mara ya kwanza inauma. Shemeji aliketi, akala lozi, akasimama.

Mwishoni mwa uwanda huo pua inakwambia uko juu ya volkano. Kuna matundu yanayotoa mvuke, na harufu ni ya mayai viza. Hapo ndipo John Muir, yule mwandishi na mtetezi wa mazingira, na mwenzake Jerome Fay walipolala usiku wa tarehe 30 Aprili 1875. Walikuwa wamepanda kupima kwa barometa, dhoruba ikawakuta, wakashindwa kushuka. Wakajilaza kwenye tope la moto la matundu yale, upande mmoja wa mwili ukiungua na mwingine ukigandishwa na upepo, mpaka kukakucha. Waliokoka. Nilivua glavu nikaweka kiganja juu ya ardhi pale, nikahisi ujotojoto. Karibu kabisa, vidole vinne tu kutoka kwenye udongo mvuguvugu wa manjano, ilianza barafu. Mpaka kati yake ulikuwa mwembamba kama uzi, nao ulikuwa ukidondosha maji, tone moja, kimya, tone jingine. Nafikiri niliutazama mpaka huo kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mandhari ya kileleni.

Skii tuliziacha chini ya mwamba wa mwisho, tukapanda kwa mikono. Saa mbili na nusu tulikuwa juu. Mlima Lassen kusini, Shastina, kilele kidogo cha mlima huu huu, chini yetu magharibi, upepo wa kutoa machozi. Nililia kidogo, na si upepo pekee. Shemeji aliweka mkono begani kwangu akasema, "Hongera, shemeji," nami nikamjibu hivyo hivyo. Dakika kumi, tukashuka.

Sasa ndipo kazi ilipoanza. Buti zangu zina vishimo viwili vidogo sehemu ya mbele, pini za skii huingia humo. Vilikuwa vimejaa barafu. Nilivitoboa kwa ncha ya kisu, nikapuliza, nikajaribu, pini ikashika upande mmoja tu. Nikarudia. Mara nne. Watu wengi wameanguka vibaya kwa sababu ya punje moja ya barafu iliyobaki kwenye kishimo kile, skii ikafunguka kwenye kona ya kwanza. Shemeji alikuwa tayari zamani, anapiga miguu baridi isimshike.

Misery Hill tuliishuka kwa kukwaruza. Theluji ilikuwa na mikunjo migumu ya upepo, meno yaligongana, kingo za skii zilipiga kelele. Tukafika juu ya Red Banks. Watu watatu walitupita hapo, wakatusalimu, wakaingia korongoni. Tuliwasikia kwa muda mrefu wakishuka kwa ubavu, kwaru, kwaru, kwaru, bila kupiga kona hata moja.

"Wameshuka," shemeji alisema. "Na sisi tushuke. Baridi itatuua hapa."

Nikamwambia tungoje. Akaniambia mwaka jana tulichelewa, na mawe yale hakuyasahau. Alikuwa na haki. Woga wake ulitoka kwenye kosa langu. Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na hesabu zangu tu, na yeye alikuwa ameona jiwe. Nikasema sawa, tukajiandaa kushuka. Ndipo akatafuta glavu, na chupa ikaenda.

Tukakaa nyuma ya mwamba uliotukinga upepo, tumevaa kila nguo tuliyokuwa nayo. Kila dakika kumi nilitoka, nikachomeka ncha ya fimbo mahali palepale. Saa nne, ncha iligonga ikarudi. Saa nne na robo, iliacha alama ya ukubwa wa punje ya dengu. Nikalala kifudifudi nikaweka jicho karibu na theluji. Ule mng'ao wa kioo ulikuwa umeanza kukatika vipande. Kati ya punje na punje palikuwa na utando wa maji, na punje zile za juu kabisa, nilipozipulizia, zilitikisika. Za chini hazikutikisika. Nikamwita shemeji aje aone. Alilala kifudifudi kando yangu, mtu mzima wa futi sita, tukapuliza kwa zamu.

Saa tano kasorobo fimbo iliingia sentimita moja. Tukakubaliana mambo mawili: tungeondoka mara ikiingia mbili, na jiwe lolote likidondoka kutoka Red Banks, hata dogo, tungeondoka papo hapo kwa hali yoyote. Hakuna lililodondoka. Saa tano na dakika tano ncha ilizama sentimita mbili, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Hapo mwanzo ilikuwa tak. Sasa ilikuwa shh.

Ndani ya ufa wa Red Banks bado palikuwa na kivuli na barafu, tukashuka kwa ubavu, skii mkabala na mteremko, taratibu sana. Chini yake tulielekea upande wa Casaval Ridge, ubavu wa korongo unaopata jua mapema. Nikapiga kona ya kwanza.

Sijui niieleze vipi. Kingo ziliingia, theluji ikazipokea, ikaziachilia. Nyuma yangu nilisikia punje zikimwagika kama mtu anayemimina mchele sinia. Nikapiga ya pili, ya tatu. Goti la kulia, ambalo nilikuwa nimelifunga bandeji na kuliombea, halikusema kitu. Tulikwenda kwa zamu, mmoja anashuka hadi mahali salama pembeni, anainua fimbo, mwingine anafuata, ili mteremko usitubebe wote wawili ikitokea la kutokea. Shemeji alinipita akipiga kelele ambazo sijawahi kumsikia akipiga, si hata siku ya harusi yake. Kazi iliyotuchukua saa nne kupanda tuliimaliza kwa dakika ishirini pamoja na vituo vyote.

Ziwa Helen tuliulizia chupa. Hakuna aliyeiona. Tulizunguka chini ya mteremko kwa nusu saa maana si halali kuacha chuma mlimani. Shemeji aliokota kifuniko, kimebonyea, kilomita nzima kutoka ilipoangukia. Chupa yenyewe hatukuipata na bado inaniudhi.

Tulipokunja hema ilikuwa saa saba kasoro, na theluji ya kambini ilikuwa inameza buti mpaka kwenye kifundo. Tukatazama juu. Kutoka ukuta wa upande wa Casaval, mikeka miwili mitatu ilikuwa imeanza kujiviringisha, mahali tulipopita saa moja na nusu kabla. Shemeji alitazama, akanitazama mimi, akaendelea kufunga mkoba wake.

Chini ya Horse Camp theluji ilikuwa imejaa sindano za misonobari na skii zilikuwa zinakwama kila hatua. Mita mia tatu za mwisho tulizibeba begani. Maji yalikuwa yanapita chini ya theluji njia nzima, unayasikia huyaoni. Kwenye maegesho nilivua buti, soksi zikatoa mvuke. Shemeji alikuwa ameketi kwenye ukingo wa gari akikizungusha kile kifuniko kilichobonyea, akijaribu kukinyoosha kwa kidole gumba.